Kengele Inayobisha Hodi

Kila asubuhi ya siku ya shule, soksi moja ya Kibabu ilikuwa haionekani. Mara ilikutwa chini ya godoro, mara ndani ya birika, na siku moja ilisafiri mfukoni mwa koti la mama yake hadi kiwanda cha mikate alikofanya kazi, ikarudi jioni inanukia hamira. Mwenye soksi hakuwahi kusaidia kuitafuta. Aliketi kitandani, mguu mmoja umevaa na mwingine mtupu, akitazama dirishani kama mzee aliyestaafu.

Ndiyo maana aliitwa Kibabu. Alikuwa darasa la kwanza tu, lakini alitembea mikono nyuma, alikohoa kabla ya kusema, na akipewa chai ya moto aliinamia kikombe na kusema, "Tuipe muda." Dada yake, aliyekuwa darasa la sita, naye alikuwa na jina lake la utani. Aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Leo umeificha wapi?" Chiriku aliuliza asubuhi moja, akiinua mito na kuitupa. Mama alikuwa ameshatoka zamani, kwani watu hutaka mikate kabla hawajaamka vizuri. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, na nyumbani alionekana kwa nadra. Kazi ya kumvalisha Kibabu ilikuwa ya Chiriku.

"Sijaificha. Imejificha yenyewe."

"Na mimi nikichelewa, nikamwambie mwalimu kwamba soksi imejificha yenyewe?"

Kibabu alikohoa. "Tukichelewa," alisema taratibu, "tutakuta kengele imeshalia."

Chiriku aliushusha mto aliokuwa ameushika. Sasa alielewa. Hakukuwa na uchawi wowote kwenye soksi zile. Mdogo wake alikuwa anaikimbia kengele.

Zamani shuleni kulikuwa na kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwenye boriti. Kilipokatika kwa kutu, shule ilifunga vipaza sauti juu ya nguzo, na kuanzia hapo kengele ikawa king'ora. Kililia ghafla, kwa nguvu zote, kama gari la zimamoto limeingia uwanjani. Hata walimu walimwagikiwa chai. Watoto wengine walizoea, lakini Kibabu hakuzoea. Popote kilipomkuta alichuchumaa, akaziba masikio na kufumba macho, na kelele ilipokwisha yeye aliendelea kuwa pale chini, wenzake wakimpita kwenda darasani. Baadhi yao walimwigiza kwa kuchuchumaa na kucheka. Chiriku alikuwa amejiambia kwamba yangekwisha yenyewe.

Siku hiyo wakati wa mapumziko alikwenda kugonga mlango wa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Chiriku. Leo umeleta ombi au umeleta hadithi?"

"Vyote viwili, mwalimu."

Akamweleza habari za soksi na za kuchuchumaa. Mwalimu mkuu, mtu mnene mwenye desturi ya kufuta miwani kila alipowaza, aliifuta kwa muda mrefu.

"Mimi mwenyewe sikipendi king'ora kile," alisema. "Lakini uwanja wetu ni mkubwa. Kengele isiyosikika kule kwenye bustani ya mboga haiwi kengele, inakuwa siri ya ofisini." Alionyesha kimashine kidogo kilichokuwa kwenye kona. "Hicho kinapiga sauti yoyote unayoweka ndani. Shangazi yako si ndiye anayetengeneza sauti za redioni? Basi niletee sauti inayofika bustanini, tena isiyomfanya mtoto achuchumae. Ijumaa mstarini tutaijaribu."

Chiriku aliondoka pale akirukaruka.

Shangazi, dada mdogo wa baba, aliishi nao, na chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa karakana yake. Alikuwa amezifunika kuta kwa magodoro ya zamani na mablanketi, hata ukiingia ulisikia sauti yako mwenyewe iko karibu, kama vile mtu anakunong'oneza. Humo alitengeneza sauti za michezo ya redioni: mvua, milango, nyayo za mwizi, ndege ya kwenda mwezini. Nyingine alizirekodi, nyingine alizipika kwenye kompyuta.

"Nitakusaidia," alisema baada ya kusikia habari yote, "lakini mpishi ni wewe. Mimi nitakuonyesha jiko lilipo."

Alimkalisha Chiriku mbele ya skrini. "Hii inaitwa sinthesaiza. Zamani ilikuwa mashine kubwa kama kabati, imejaa vifundo na nyaya. Siku hizi ni programu tu. Inakupa sauti mbichi, halafu kazi inabaki kwako." Alibonyeza kitufe kimoja, ikatoka sauti kavu isiyo na mbele wala nyuma, kama friji. Kisha akaonyesha mstari uliokuwa chini ya skrini, wenye nukta kama shanga kwenye uzi. "Kazi yenyewe iko hapa. Mstari huu mafundi wanauita bahasha."

"Ndani kuna barua?" aliuliza Kibabu. Alikuwa amewafuata, mikono nyuma.

"Ndani kuna sauti, bwana mkubwa. Mstari huu ndio unaoamua sauti iingieje, ikaeje na iondokeje." Shangazi alichukua kijiko akagonga kikombe cha bati. "Mmesikia? Imeruka juu mara moja, kisha ikafifia." Halafu akaimba kwa midomo iliyofungwa, akianza chini kabisa na kupanda polepole. "Na hii je? Imekuja kama mtu anayepanda mlima. Programu nyingine zinakupa hatua nne tu: panda, shuka kidogo, kaa, ondoka. Hii haina ubahili. Bonyeza popote kwenye mstari, unapata nukta mpya. Panda, pumzika, panda tena, shuka, rudi juu. Ni wewe tu."

Alipokuwa anainuka kwenda kwenye shughuli zake aliongeza, "Na usimwache mwenye masikio. Kila utakachofanya, msikilizishe Kibabu."

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Chiriku alivuta nukta huku na huko, na Kibabu alikaa kwenye kigoda amevaa hedifoni zilizomfika mashavuni, akitoa hukumu.

"Huyu mbuzi ana shida gani?" alisema.

Chiriku alibadilisha.

"Sasa amekuwa mbu. Tena mwenye mafua."

Chiriku alibadilisha tena. Ilipofika Jumatano, utamu ulikuwa umeshageuka uchungu. Kila alipoinua nukta moja, kitu kingine kiliharibika. Sauti zilikwaruza, zilikoroma, moja ilitoka kama mtu anayeburuta kitanda. Kibabu alipokohoa ili atoe hukumu nyingine, dada yake alimvua hedifoni. "Nenda kacheze," alimwambia. "Unanichanganya."

Alhamisi alasiri Shangazi alikwenda kituo cha redio. Nje, marafiki wa Chiriku walikuwa na mpira, wakamwita dirishani, wakamwita tena. Pembeni mwa skrini kulikuwa na orodha ya sauti zilizokuja na programu, zilizotengenezwa na watu wengine mbali huko. Chiriku alifungua moja, akafungua nyingine. Ya tatu au ya nne iliitwa Kioo cha Asubuhi, na alipoibonyeza alisahau kupumua. Ilikuwa kama tone la maji limeangukia glasi, glasi ikacheka.

Hakugusa nukta hata moja. Aliihamishia kwenye flashi, akazima kompyuta na kutoka kwenda kucheza.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza aliporudi.

"Nimemaliza."

"Umeitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hebu niisikie."

"Mpaka kesho, Shangazi. Nataka watu washtuke kwa furaha."

Shangazi alicheka, akampapasa kichwani. Mkono ule ulikuwa mzuri, lakini Chiriku alijikuta anataka uondoke haraka.

Ijumaa, shule nzima ikiwa mstarini, mwalimu mkuu alimwita Chiriku mbele. Alieleza jinsi mwanafunzi huyu alivyoona tatizo la mdogo wake, akajifunza kutengeneza sauti kwa kompyuta na kuacha michezo yake ili wenzake wapate kengele bora. Watu walipiga makofi. Chiriku alitazama viatu vyake. Kisha mwalimu mkuu akaingia ofisini na kubonyeza.

Sauti iliyocheka kwenye hedifoni haikucheka juu ya nguzo. Ilitoka mara moja kwa nguvu zote, kali na nyembamba, kama sahani imeangushwa kwenye sakafu ya saruji karibu na sikio lako. Mstari wa darasa la kwanza ulitikisika. Kibabu hakuchuchumaa safari hii. Alikimbia.

Hata hivyo, wengi waliipenda. "Ni afadhali mara mia kuliko king'ora," alisema mwalimu mkuu, akimshika Chiriku mkono. "Tutaitumia hii. Mdogo wako atazoea pole pole." Makofi yakapigwa tena. Mambo yangeweza kuishia hapo, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Chiriku alimkuta Kibabu nyuma ya tangi la maji, amekaa chini, vumbi hadi magotini.

"Imeshanyamaza," alimwambia.

"Najua."

Alikaa karibu naye. Tangi lilikuwa baridi mgongoni.

"Dada," alisema Kibabu. "Ile si ndiyo uliyonitengenezea?"

Chiriku alichora mstari vumbini kwa kidole.

"Basi usihuzunike. Ni nzuri. Nitajitahidi kuizoea."

Kama Kibabu angelia, au angemlaumu, Chiriku angejua la kusema. Maneno ya kujitetea hayakuwahi kumpungukia. Lakini mtoto aliyekuwa amekimbia mbele ya shule nzima alikuwa anambembeleza yeye.

"Sikuitengeneza," alisema. "Niliikuta imo kwenye programu. Nilichoka, nikataka kwenda kucheza, nikaichukua."

Kibabu alikohoa, akafikiri. "Kwa hiyo haikuwa yangu."

"Haikuwa yako."

"Aa," alisema, na uso wake ukatulia kidogo. "Ndiyo maana hainijui." Akafuta vumbi kwenye goti moja. "Mimi kelele siogopi, dada. Mpira ukigonga bati siogopi, kama nimeuona unakuja. Hii inaingia bila hodi."

Chiriku alimtazama. Siku zote zile alikuwa anahangaika kupunguza ukali na kupunguza ukubwa wa sauti, na hakuwahi kumuuliza mwenyewe anaogopa nini.

Jioni alimwambia Shangazi kila kitu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha magodoro, tayari kwa lolote. Shangazi alivua hedifoni zake na kuzining'iniza msumarini.

"Kuchukua sauti iliyo tayari si kosa," alisema. "Mimi nazichukua kila siku, na nikiulizwa nasema nimezichukua. Kosa unalijua. Mwalimu mkuu anajua?"

"Bado."

"Haya."

Neno hilo moja lilimsumbua Chiriku Jumamosi na Jumapili yote.

Jumatatu alifika shuleni mapema. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani.

"Nilikusifu mbele ya watu," alisema. "Sifa hiyo nifanye nini nayo?"

"Naomba niirudishe mwenyewe, mwalimu. Mbele ya watu walewale."

Akairudisha. Alisimama mstarini, akasema sauti ile haikuwa kazi yake, alidanganya, na anaomba nafasi nyingine. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma alicheka, mwalimu wake akamgeukia, akanyamaza. Chiriku alirudi kwenye mstari, masikio yanamwaka, lakini kifuani amekuwa mwepesi kuliko Ijumaa.

Mchana huo alimvalisha Kibabu hedifoni kwa mikono yake na kumsogezea kigoda karibu zaidi ya siku zote.

"Nifundishe," alimwambia. "Hodi inapigwaje?"

Kibabu alishangaa kwamba mtu mkubwa kama dada yake hajui. "Unagonga, unangoja. Unagonga tena, unangoja. Wakisema karibu, unaingia."

Basi wakaanza. Kwenye mstari Chiriku aliweka kilima kidogo cha sauti ya chini, nene, kama mtu anagonga mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole. Akaushusha mstari, akaweka kilima cha pili sawa na cha kwanza. Akaacha bonde fupi. Baada ya bonde sauti ikapanda, ikapanuka, ikakaa juu, ikazama kidogo kama inayovuta pumzi, ikarudi juu, halafu ikaondoka pole pole mpaka usingeweza kusema ilikwisha lini. Nukta zilikuwa nyingi hata mstari ukafanana na njia ya milimani. Bado zilitoka sauti za mbuzi na za mbu, lakini sasa waliposikia mbuzi walicheka wote wawili, kisha wakatafuta ni nukta gani iliyomleta.

Mwalimu mkuu aliwaruhusu kuijaribu baada ya masomo. Chiriku alisimama bustanini kati ya matuta ya kabichi, Kibabu chini ya nguzo. Bustanini ilisikika wazi. Lakini Chiriku aliporudi mbio, alimkuta mdogo wake mabega yako juu.

"Hodi zake nzuri," alisema Kibabu. "Lakini akiambiwa karibu, anaingia mbio."

Walirudi nyumbani wakautazama mstari. Mpando wa baada ya bonde ulikuwa umesimama wima kama ukuta. Kuulegeza tu kulifanya sauti ichelewe na kupoteza nguvu. Walijaribu hivi na vile, hadi Kibabu alipokishika kipanya mwenyewe, ulimi nje, akabonyeza katikati ya mpando na kuvuta nukta mpya pembeni. "Hapa apumzike kidogo," alisema. "Avue viatu."

Wakabonyeza, wakasikiliza. Shangazi, aliyekuwa anasoma upande wa pili wa chumba, aliinua kichwa.

"Rudieni hiyo," alisema. Wakarudia. Aliinamisha kichwa tena, anatabasamu.

Asubuhi kengele mpya ilipoanza kutumika, Shangazi aliwasindikiza hadi shuleni ili aisikie. Kibabu alikuwa katikati ya uwanja na wenzake, mikono nyuma. Hodi ya kwanza ilipogonga kutoka juu ya nguzo, mabega yake yalipanda. Ya pili ikagonga. Mabega yakashuka. Katika kile kimya kifupi kilichofuata, sauti yake ndogo ilisikika mpaka getini:

"Karibu."

Na kengele ikaingia, ikapumzika, ikapanda na kujaa uwanja mzima, ikavuka bustani ya mboga. Kibabu akaongoza njia kwenda darasani bila haraka. Mchana, darasa la kwanza lote lilikuwa linaitikia kengele kwa pamoja, na hakuna aliyekumbuka kumwigiza mtu akichuchumaa.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Asubuhi ile mwalimu mkuu alitoka ofisini, akasalimiana na Shangazi, kisha akamgeukia Chiriku. "Haya, niambie. Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu na ya Kibabu," alijibu Chiriku. "Shangazi alitufundisha programu. Wazo la hodi ni la Kibabu, na nukta ya kuvua viatu pia. Na ile sauti mbichi ya mwanzo tuliikuta, hatukuitengeneza sisi, tumeipika tu."

"Inatosha," alisema mwalimu mkuu akicheka. "Sikuomba ukoo wake wote. Sasa sifa yako nakupa tena, na hii hutahitaji kuirudisha."

Shangazi alimshika Chiriku bega, wakaenda pamoja hadi mlango wa darasa la sita.

"Ile sauti ya Ijumaa," alisema, "ilipomtisha mdogo wako, kwa nini hukuirekebisha?"

Chiriku alifikiri. "Sikujua pa kuanzia. Sikujua ndani yake kuna nini."

"Ndivyo inavyokuwa, mwanangu. Kazi uliyoifanya kwa mkono wako, hata ikiharibika, unajua nukta ya kuvuta. Ile uliyodai ni yako na si yako, siku ikiharibika unabaki umesimama nayo tu, na kuomba msaada huwezi, maana utaulizwa uliifanyaje. Uongo wako haukumdanganya mwalimu mkuu peke yake. Ulikufungia wewe njia ya kujifunza, na Kibabu ndiye aliyelipa." Alimrekebishia ukosi wa shati. "Umesema kweli ukiwa unaona haya, umefanya kazi ukiwa umechoka, na umemsikiliza mtu mdogo kuliko wewe. Endelea hivyohivyo. Sasa ingia, wenzako wameshakaa."

"Asante, Shangazi," alisema Chiriku, akaingia darasani.